Sauti ya Baba Kwenye Ngazi

Leo nimemsikia marehemu baba mahali ambapo hakuna anayeongea.

Baba alikuwa anatafsiri muvi kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyesha video, cha Ngaramtoni. Filamu inaongea Kiingereza, yeye kashika maiki anatusimulia kwa Kiswahili.

Kuna moja ya zamani, haina hata rangi. Mwanamke anapanda ngazi gizani, muuaji anamsubiri juu. Tuliokulia pale tunajua muuaji anavyomwambia:

"Usipande, mama. Rudi."

Nimeandika uchambuzi mzima juu ya maneno hayo. Kwamba muuaji ana huruma. Ndiyo hoja yangu yote.

Leo nikawasomea wenzangu wa klabu ya filamu, Moshono. Wakapenda. Kisha tukawasha filamu yenyewe, ile ambayo haijatafsiriwa.

Mwanamke akaanza kupanda.

Kimya. Muuaji hakusema kitu. Viatu vya yule mwanamke tu, ngazi kwa ngazi.

Mwenyekiti wetu akaniuliza taratibu, "Dada, hiyo huruma umeitoa wapi?"

Mimi nilikuwa bado naisikia. Sauti ya baba kabisa, na kile kikohozi chake katikati.

Nikatoka nje, nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Baba alikuwa anaongeza maneno?"

"Marahaba. Pale kwenye ngazi tu. Alikuwa anajua yule mwanamke anauawa, ila kunyamaza alishindwa."

Sasa nishaurini, huu uchambuzi niufute?

Maana nikiufuta, yule mama anapanda peke yake.