Uzito wa Mtoto wa Pili

Kazini walimwita Bi Hakiki, naye hakulichukia jina hilo. Miaka kumi na tisa alifanya kazi masijala ya hospitali, katika chumba chenye rafu za chuma hadi darini, na hakuna faili lililopita mikononi mwake bila kufunguliwa. Daktari akija na haraka zake, "Weka sahihi tu, mama, kila kitu kimo," yeye alivaa miwani taratibu akaanza ukurasa wa kwanza. Wengine walisema ana kichwa kigumu. Waliowahi kukaribia kutibiwa kwa faili la mtu mwingine hawakusema hivyo.

Kompyuta zilipoingia masijala, wenzake walizikwepa. Yeye alijifunza kuandika programu akiwa na miaka arobaini na mbili, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuuliza maswali hadi watu wakamkimbia. Alipostaafu alikuwa na programu yake moja, ya kuwasaidia wauguzi wa kliniki za watoto kukokotoa dozi ya dawa kufuatana na uzito. Aliitoa bure. Msimbo wake, yaani maandishi ambayo kompyuta huyafuata, uko kwenye hazina ya mtandaoni ambako yeyote anaweza kuusoma au kuripoti hitilafu.

Anaishi na pacha wake, fundi cherehani. Sebule wameigawana: dirishani cherehani na marundo ya vitambaa, ukutani meza ya kompyuta. Hawafanani hata chembe. Bi Hakiki mrefu na mkimya, fundi mfupi na mdomo haupoi.

Asubuhi moja ikaja ripoti kutoka kwa muuguzi asiyemfahamu. "Mtoto wa kilo nne amepangiwa dozi ya mtoto wa kilo sita. Nimegundua kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwinua mizanini kwa mikono yangu. Sikumpa. Tafadhali angalieni."

Bi Hakiki aliisoma mara mbili.

Miezi ile alikuwa ameanza kumtumia wakala wa akili mnemba: unampa kazi kwa maneno ya kawaida, anaingia mwenyewe kwenye hazina, anasoma msimbo, anarekebisha, kisha anaendesha majaribio kuona kama programu inafanya inavyotakiwa. Macho ya Bi Hakiki hayakuwa yale ya zamani, na wakala alimaliza kwa dakika alichokisoma yeye kwa siku nzima. Akampa ripoti ile. "Tafuta chanzo, rekebisha, thibitisha."

Baada ya dakika sita jibu likaja. Chanzo: wauguzi wengine huandika desimali kwa mkato badala ya nukta. Amerekebisha, ameongeza jaribio jipya, na majaribio yote mia mbili na kumi na matatu yamefaulu.

"Haya, limekwisha," alisema fundi. "Njoo unishikie upindo huu."

"Bado."

"Si lidude lako limesema limefaulu?"

"Hata madaktari walikuwa wakisema kila kitu kimo."

Akaandika: "Chukua jaribio lako jipya, uliendeshe kwenye msimbo wa zamani, kabla ya marekebisho. Nionyeshe matokeo yenyewe, si muhtasari."

Likafaulu huko pia. Wakala hakujitetea. "Jaribio langu linafaulu hata bila marekebisho," aliandika, "kwa hiyo halithibitishi kitu. Msimbo wa zamani tayari unaupokea mkato. Nilikisia chanzo, na sijaweza kuitokeza hitilafu yenyewe. Nahitaji kujua ni nini hasa kiliingizwa siku ile kliniki."

Bi Hakiki akaegemea kiti. Jibu hili alilipenda kuliko lile la kwanza. Akachukua simu, akapiga namba iliyoachwa kwenye ripoti.

"Sista, samahani kwa usumbufu. Mimi ndiye mwenye ile programu ya dozi."

"Ah, mama! Nilidhani ripoti zinakwenda kwa mashine."

"Zinakuja kwangu. Nisimulie siku ile, tangu mama wa mtoto alipoingia mlangoni."

"Foleni ilikuwa ndefu. Nikampima wa kwanza, kilo nne. Nikampima mwenzake, kilo sita. Niliporudi kwa wa kwanza kutazama dozi—"

"Ngoja. Mwenzake nani?"

"Pacha wake. Sikuandika? Ni mapacha, mmoja kachelewa kunenepa."

Bi Hakiki hakuhitaji kuutafuta mstari wenye kosa, maana aliuandika mwenyewe. Mwaka wa kwanza aliamua kila mtoto atambuliwe kwa namba ya kadi ya mama yake na tarehe ya kuzaliwa. Mapacha wale wana mama mmoja na tarehe moja. Programu iliwaona kuwa mtoto mmoja, uzito wa pili ukaufuta wa kwanza.

Akamwomba muuguzi atumie jedwali la karatasi kwa mapacha wote hadi amwarifu, kisha akatuma onyo hilohilo kwa kila kliniki. Ndipo akamweleza pacha wake.

Fundi alicheka hadi akashika mbavu. "Yaani wewe! Tumelala tumbo moja miezi tisa, tumevalishwa sare mpaka darasa la saba, halafu unaandika programu isiyojua kwamba mimi nipo!"

Bi Hakiki alicheka kidogo, kisha akaigeukia tena ripoti. "Miaka minne inatumika. Kama sista asingemwinua yule mtoto?"

Fundi akaacha kucheka, akasogeza kigoda karibu. "Lakini alimwinua. Na wewe umempigia. Sasa tengeneza."

Safari hii jaribio lilitangulia: mama mmoja, watoto wawili, siku moja, kilo nne na kilo sita. Wakala akaliendesha kwenye msimbo wa zamani. Likaanguka: ilitarajiwa nne, imepatikana sita. Ndipo akampa kila mtoto namba yake. Likafaulu. Bi Hakiki akamwambia ayaondoe marekebisho; likaanguka. Ayarudishe, likafaulu. Kisha yeye mwenyewe akaketi akaingiza jozi tano za mapacha wa kubuni, moja baada ya nyingine, kama muuguzi.

Wakala akaongeza mambo ambayo hakuulizwa. Kikumbusho cha chanjo kilichomo katika programu hiyohiyo nacho kilitumia utambulisho uleule, na uzito uliokwisha kufutwa hauwezi kurudishwa. Mapacha wa zamani itabidi wapimwe upya. Kikumbusho kikarekebishwa kwa njia ileile, na kliniki zikaandikiwa.

Katika maelezo ya toleo jipya Bi Hakiki aliandika kwamba kosa lilikuwa lake, tangu siku ya kwanza.

"Si ungeandika tu 'hitilafu imerekebishwa'?" aliuliza fundi, akisoma begani kwake.

"Masijala hatukufuta kwa kifutio. Tulipiga mstari mmoja, ili cha zamani kisomeke."

Jumanne muuguzi akapiga simu, vilio vya watoto vikimfunika sauti.

"Huyu nne na robo, huyu sita na nusu, na kila mmoja na dozi yake! Nimezikokotoa na kwa mkono pia."

"Vizuri. Endelea kwa mkono wiki nzima."

"Mama, huiamini programu yako mwenyewe?"

"Naiamini kiasi cha kutaka uikague."

Muuguzi akacheka, akasema foleni imefika mlangoni, akakata.