Nilimwachisha Mama Dawa ya Presha

Kosa ni langu na msinitafutie kisingizio. Mama hakuanguka kwa bahati mbaya. Nilimwangusha mimi, kwa mdomo wangu huu.

Nasomea mambo ya dawa chuo kikuu, mwaka wa pili. Kwetu Matinyani hakuna anayejali kwamba sijamaliza. Nilipoitwa chuoni, kanisa zima lilisimama kuniombea, na tangu hapo jina langu ni Daktari. Nami, kusema kweli, nililipenda.

Likizo iliyopita nilikuta ndengu zimevunwa. Tukawa tunazipura uani kwa fimbo, vumbi limetanda hadi kwa jirani. Mama akaanza kukohoa, kikohozi kikavu. Papo hapo nikakumbuka darasani: kuna dawa za presha ambazo huleta kikohozi cha namna hiyo. Nikaangalia pakiti yake. Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo! Nilifurahi, jamani, utadhani nimefaulu mtihani.

"Mwaitu, mama yangu, hii dawa ndio inakukohoza," nikamwambia. "Wacha kuimeza."

"Na kliniki nitawaambia nini?"

"Waambie mtoto wako anasomea hii maneno."

Akacheka. "Haya, Daktari wangu."

Dada yangu pia alikuwa anakohoa. Hata mimi nilikuwa nakohoa. Sote tulikuwa tumekula vumbi la ndengu, lakini nilichoona mimi ni kitabu tu.

Nilirudi chuo. Ndengu zikaisha, kikohozi nacho kikaisha, na mama akatangaza kanisani kwamba nimemponya. Kisha asubuhi moja dada akanipigia simu analia. Mama ameanguka jikoni, mkono wa kulia hauinuki, mdomo umeenda upande.

Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja mapema. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwaya ya akina mama. Siku hizi anakaa nyuma, anasikiliza wenzake.

Hospitalini walimuuliza nani alimwambia aache dawa. Nilikuwa nimesimama pale pale. Alihangaika na ulimi wake mpaka neno likatoka: "Nilisahau." Nami nikaacha waandike hivyo.

Wewe unayesoma kama mimi, ukishuku dawa ya mtu, mrudishe kwa waliompa. Usijifanye daktari kwa sababu tu mnapendana.

Nikiwa nyumbani, mama bado hamezi kidonge kabla ya kunionyesha. Anakishika kwa mkono wa kushoto, ananitazama, anangoja Daktari wake aseme ndiyo.