Nyumba ya Katikati, Barabara ya Kailo

Mkubwa wetu wa ofisi ya takwimu alitutuma watu sita tukajue nyumba ya kawaida katika teritware, yaani wilaya, ya Kailo inaishi kwa kipato gani. "Simtaki tajiri, wala maskini kabisa," alisema. "Zipangeni nyumba zote mtakazouliza, kuanzia yenye kidogo mpaka yenye kingi, halafu mniletee ile inayosimama katikati." Alikuwa na sababu. Ukijumlisha tu na kugawanya, mfanyabiashara mmoja anayenunua madini Kampene anatosha kumfanya kila mkulima aonekane tajiri kwenye karatasi.

Vijiji tuligawana kwa kura. Nilifungua kikaratasi changu, nikakisoma mara mbili. Kilikuwa kijiji nilichokuwa nakikwepa tangu vita.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi na mke wangu tulikimbia kutoka Kindu na nguo tulizovaa, na watu wa kijiji hicho wakatupokea. Walitupa chumba na kipande cha shamba la mihogo. Miezi michache baadaye wenye silaha wakafika. Kiongozi wao akauliza nani anajua kuandika, na macho yote yakanigeukia mimi. Nikazungushwa nyumba kwa nyumba, daftari mkononi na askari nyuma yangu, niandike kila mtu ana nini: mbuzi, kuku, mchele, mafuta ya mawese. Kila mtu alielewa orodha ile ni ya kazi gani. Niliandika pungufu kadiri nilivyothubutu. Siku mbili baadaye mimi na mke wangu tukatoroka kwa njia ya porini, na sikupata kujua zile karatasi zilimfikisha nani wapi. Kwa miaka mingi niliamini kuna mtu alipigwa kwa sababu ya mwandiko wangu. Pengine aliuawa.

Basi nikapanda pikipiki kutoka Alunguli, fomu zangu ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, nikaenda.

Katika nyumba ya kwanza nilimuuliza baba mmoja mwezi uliopita aliuza nini.

"Hakuna kitu," alijibu. Nyuma yake niliona magunia mawili ya mchele yameegemea ukuta. Nyumba ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Sikukasirika. Ningekuwa wao, ningejibu vilevile.

Nyumba ya nne nilimkuta mama mzee anapepeta mchele. Aliniangalia kwa muda, akaweka ungo chini.

"Weye njo mwalimu mwenye aliandikaka sisi wakati ya vita?"

Nilitamani kukana kwamba ndimi niliyewaandika. "Ndiyo, mama. Njo miye."

"Ikala."

Nikakaa. Nikamuuliza palepale, kwa sababu nisingeuliza siku ile nisingeuliza tena. "Mama, ile karatasi ilileta nini?"

"Walirudi nayo," alisema. "Walisoma jina ya bwana yangu, wakaomba kuku moja. Tukawapa. Kila nyumba hivyo hivyo, kuku moja, mchele kidogo. Wakaenda zao."

"Hakuna mtu aliyepigwa?"

"Hakuna. Walisema hii mugini, kijiji yote, ni ya wamaskini, hawatapoteza wakati." Akacheka, mkono mdomoni. "Tulikuwa na mbuzi tano nyuma ya nyumba, mwalimu. Nilikuona unazihesabu kwa macho. Kisha nikaona kalamu yako haitembei."

Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa, nikaivua tena. Yeye alirudi kwenye ungo wake mpaka nilipotulia.

Kisha akasema, "Sasa unataka kuandika nini?"

Nikamweleza yote: kwamba fomu haina jina la mtu, kwamba si kodi, kwamba serikali ikidhani watu hawa ni matajiri haitawajengea hata kituo cha afya. Akanijibu bila kuficha: mchele aliouza, mafuta aliyokamua, pesa anazotumiwa na binti yake aliye Kindu. Tulipomaliza alisimama kwenye uwanja wake na kuwaita majirani.

"Mumwambie kweli! Huyu tunamujua!"

Nikarudi nyumba ya kwanza. Yule baba alinicheka kabla sijafungua mdomo, akaniwekea kiti karibu na magunia yake.

Juma lililofuata tulipanga fomu zote juu ya meza ya ofisi, kutoka kidogo hadi kingi, tukahesabu kutoka pande zote mbili mpaka vidole vyetu vikakutana. Mkubwa aliinua fomu ya katikati, akaona imetoka kijiji changu, akanigeukia. "Una hakika na kijiji chako?"

"Nina hakika," nilisema, na nilikuwa nayo.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi Jumapili twende wote," alisema. "Na mimi sijawahi kuwaaga wale watu."

Tulikwenda, na tukashinda huko mchana kutwa, tukila nao.