Watembea kwa Miguu Waliokula Kwa Baba

Baba alipofanyiwa operesheni ya goti, daktari alimwambia jambo moja tu: tembea, mzee, la sivyo goti litakauka hivyohivyo na hutosimama tena. Baba akajibu inshallah. Inshallah ya Baba naijua tangu mtoto. Akarudi kwake Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, akakaa kwenye kiti chake ukumbini, mguu juu ya mto, akataka televisheni igeuzwe imwelekee yeye.

Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikalia. Kila nikitoka kazini nilipitia kwake kumuuliza. "Baba, leo umetembea?" Ananijibu, "Nimekwenda mpaka chooni, alhamdulillah." Roho ikiniuma. Mama keshafariki, na niliona wazi kwamba na huyu naye ananiponyoka huku namtazama.

Siku hizohizo likaingia tangazo kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Mabwana wawili, watu wa kwetu hukuhuku, wanatembea kwa miguu kutoka Salala mpaka Maskati kuwaenzi wastaafu wa jeshi! Anayeijua njia hiyo anajua kuwa ni jangwa tupu na jua la kupasua kichwa. Basi kundi zima likalia machozi. Walipoingia mjini kila nyumba ikawataka, na nyumba gani ya kwetu haina mstaafu wa jeshi, au walau mtu aliyekuwa karani wa stoo jeshini?

Sasa tazama akili zetu. Kwetu sisi mgeni haachwi akatembea kwa miguu, ni aibu. Akitoka kwako unampeleka na gari, tena kiyoyozi umeshakiwasha mapema, mpaka mlango wa nyumba anayokwenda. Kwa hivyo watembea kwa miguu wetu wakawa wanachukuliwa na magari mazuri mazuri kwa huyu, wanashushwa kwa yule, wanarudishwa tena walikotoka kwa sababu huko kuna mtu kachinja mbuzi. Safari yao, kwa maneno yao, ilikuwa imalizikie ufukweni Qurum, papa hapa mjini. Kutoka kwetu mpaka Qurum na gari hata kahawa ya mkononi haipoi. Wiki zikapita, hawajafika. Wala hakuna aliyewauliza, maana mgeni haulizwi anafika lini wala anaondoka lini. Anaulizwa kama kashiba.

"Niletee na mie," Baba akasema. Nikawaleta. Na gari, bila shaka.

Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mrefu ndiye msemaji, mfupi kazi yake kula. Wamevaa mabuti, wameshika fimbo, migongoni wamebeba mabegi. Yule mrefu akasimama katikati ya ukumbi, akapiga saluti. "Shikamoo, Ami. Sisi tunatembea kwa ajili yako."

Baba jeshini alikuwa dereva wa lori. Utumishi wake wote kautumikia kakaa kitako, na sijapata kumsikia mtu akimshukuru kwa hilo, hata sisi wanawe. Akamtazama yule bwana. Akashika mikono ya kiti, akasimama. Peke yake! Akarudisha saluti. Mie nikakimbilia jikoni nikalia juu ya sufuria ya pilau, na siku ile niliwapikia mpaka mkate wa kumimina.

Kesho yake wakaaga, ati wanakwenda kutembea kipande cha Matrah, watarudi kwa chakula cha jioni. Mie nikaenda Ruwi kutafuta kitambaa cha pazia. Karibu na stendi ya mabasi, nani nawaona? Wamekaa kwenye mkahawa wanakunywa chai na chapati. Nikajificha nyuma ya gari la watu. Walipomaliza, mrefu akaingia kwenye kiwanja kinachojengwa, akachota vumbi akajipaka suruali, huku na huku, kama mtu anayemviringisha samaki kwenye unga. Kisha akatembea mbele ya rundo la mchanga kwa uso wa mateso, mfupi anampiga picha. Picha haikutoka vizuri. Akarudi akateseka upya. Halafu wakasimamisha teksi.

Loo! Nilivyopandwa na hasira, pazia nililisahau.

Walipoingia kwa Baba jioni niliwaita jikoni, nikafunga mlango, nikashika mwiko. Nikawaeleza nilichokiona.

"Na Salala je?" nikauliza.

Mrefu akainamisha kichwa. "Basi, dada."

"Basi nini?"

"Tulikuja na basi. Tusamehe. Tunaondoka sasa hivi."

Hapo ndipo nilipomsikia Baba ukumbini akitembeza fimbo yake sakafuni, tok, tok, anakuja kuuliza wageni wake wako wapi. Anakuja kwa miguu yake. Nikashusha sauti.

"Muondoke mwende wapi? Nani kakuambieni muondoke? Mmemwambia mzee wa watu mnatembea kwa ajili yake. Basi mtatembea, wallahi mtatembea! Kila siku mkitoka kusali alfajiri, mnamchukua mnazunguka naye. Siku mtakayokosa, kundi zima la ukoo litajua, na hakuna nyumba Maskati hii itakayokupeni hata maji."

Yule mfupi, ambaye sikuwa nimepata kuisikia sauti yake, akauliza, "Na chai itakuwepo?"

Nikahamia kwa Baba ili niwasimamie, na ikaanza hivyo. Baba katikati, hawa pembeni, mwanzo mpaka msikitini, kisha mpaka dukani, kisha mpaka barabara kubwa na kurudi. Mie nimekaa dirishani na kikombe changu, nachekea moyoni. Mrefu akatoka malengelenge, mara hii ya kweli, akawa anaomba dawa. Mfupi akakonda, maskini. Jirani zetu wakiwaona tu wanasimamisha gari: "Pandeni, jamani, mbona mnatutia aibu?" Mfupi anashika kitasa cha mlango, Baba anamgonga mkono kwa fimbo. Nyuma ya mgongo wa Baba walininong'oneza, "Dada, japo Ijumaa tupumzike." Nikawaambia jeshi halina Ijumaa. Mie najuaje mambo ya jeshi!

Na goti likalegea. Baba akaanza kula vizuri, akaanza kutania. Daktari akashangaa.

Asubuhi moja nikaamka, wageni hawapo. Mabuti wameyaacha mlangoni, halwa wameichukua pamoja na sahani yake. Nikaingia ukumbini. Baba kakaa kwenye kiti, mguu juu ya mto, kama mwanzo.

"Baba," nikasema, "wale wageni wamepigiwa simu alfajiri, wana mgonjwa kwao, wamekusalimu sana…"

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Wale? Waongo wale! Nimewajua tangu siku ya kwanza. Mtu katoka Salala kwa miguu, jua lisimbabue hata pua?"

Nikamuuliza, "Sasa ulikuwa unatembea nao kwa nini?"

Akaitengeneza kofia yake kichwani.

"Wewe kila siku ulikuwa unakuja na gari, unasimama mlangoni unaniuliza kama nimetembea. Ukishapata jibu, unakwenda zako. Hata ulipohamia hapa ulikaa dirishani. Wale waongo, nakubali. Lakini nikichoka, walikuwa wanasimama na mie."

Nilitaka kujitetea. Kazi, foleni za barabarani, jua, magoti yangu mwenyewe. Yote yalikuwa kweli. Nikavaa baibui, viatu vyangu vya kazini vina visigino, basi nikavaa kandambili. Nikampa mkono anyanyuke. Akautazama, kisha akaushika.

Tukatoka. Hatujafika msikitini Baba akasimama kuvuta pumzi, na jirani mmoja akapunguza mwendo, akateremsha kioo akatuita tupande. Nikamwambia aende zake. Baba alichukua muda mrefu, na mie nikasimama.