Siku Hotspot Yangu Iliposomwa Ukumbini Mikumi

Jamani, hili nawaambia mwenyewe kwa sababu mkilisikia kwa watu wa ofisini mtalisikia vibaya zaidi, na tayari kuna mama mmoja wa Mabwerebwere aliniuliza sokoni, huku anachagua nyanya, kama ni mimi yule dada wa kompyuta aliyemwita mzee wa watu mwizi mbele ya wageni. Nikamwambia siyo mimi. Ni mimi.

Naitwa Zuhura, na kazi yangu ni kusimamia kompyuta na mitandao kwenye shirika moja dogo hapa Kilosa linaloshughulika na wakulima na wafugaji. Kusimamia ni neno la kwenye mkataba. Ukweli ni kwamba nashinda nachomoa karatasi zilizokwama kwenye printa, nawaambia watu wazime kompyuta wawashe tena kabla ya kuniita, wasichomeke flashi waliyookota stendi, wasiandike paswedi kwenye karatasi na kuibandika pembeni ya skrini (mhasibu wetu alibandika, nikabandua, akaenda kuibandika chini ya kibodi akidhani sitakiinua). Miaka yote nasema hayo hayo, na miaka yote wananiitikia "sawa dada Zuhura" kwa ile sauti ya mtu anayetaka uondoke aendelee na mambo yake.

Basi akaja Lazaro. Ni kijana aliyeletwa kutoka Morogoro kuwa ofisa mawasiliano, mrefu, mpole, shati limenyooka muda wote, sauti kama ya mtangazaji wa redio, na shikamoo zake hazibagui, anatoa kwa mkurugenzi na anatoa kwa mama wa chai. Hata hajazoea joto la Kilosa akaanza kutuma kwenye grupu la ofisi kitu alichokiita Dondoo ya Jumatatu. Ya kwanza ilisema kompyuta ikiganda, izime uiwashe tena kabla ya kumwita fundi. Nilisoma mistari ya juu nimesimama, kikombe mkononi, chai ikapoa. Grupu zima likajaa mikono ya kupiga makofi, na mhasibu, huyu huyu wa kibodi, akaandika: "Lazaro umetuokoa, hatukuwa tunajua."

Hatukuwa tunajua. Nimelilalia hilo neno.

Jumatatu nyingine ikaja dondoo ya paswedi, nyingine ya flashi, zote ndefu, zote zile zile nilizowaimbia mpaka koo likakauka, na kila Jumatatu nikawa naona jina lake linatokea, nasoma mistari ya juu, kifua kinachoma, nafunga. Nikaanza kuhesabu makosa yake ya herufi. Nikaanza kuona hata ile shikamoo anaitoa kwa kujionyesha. (Wivu jamani ukishakuingia unakufanya mpelelezi wa vitu ambavyo havina kesi.)

Bado hilo ningelimeza, kama si habari ya Mikumi.

Kuna mfumo wa kutuma ujumbe niliutengeneza mwenyewe. Mfugaji akitaka kupitisha ng'ombe anatuma ujumbe mfupi, wakulima wenye mashamba kwenye njia ile wanapata taarifa mapema, na ofisini tunaona kwenye ramani nani anapita wapi. Nilikwenda Mvumi kwa pikipiki mara nyingi kuzungumza na wakulima, nilikaa na wafugaji kwenye maboma yao nikaeleweshwa njia za maji, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Ulikuwa mtoto wangu. Sasa ukaitishwa mkutano kwenye gesti moja Mikumi, wakulima na wafugaji wakae pamoja wauone unavyofanya kazi, waukubali au waukatae. Bosi wetu, Mama Mhando, akaniita ofisini kwake, akasema, "Zuhura, wewe utakaa nyuma uangalie mitambo. Atakayewaonyesha wageni ni Lazaro, ana namna yake ya kuongea na watu."

"Sawa mama," nikasema. Mnaona, hata mimi nina ile sauti.

Asubuhi tulifika Mikumi, ukumbi wenyewe uko jirani na barabara kuu, malori ya Iringa yakipita madirisha yanatetemeka. Soketi iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa moja tu, mbele, pembeni ya projekta, kwa hiyo nikachomeka simu yangu pale ichaji. Lazaro alikuwa ameinamia laptop yake, projekta bado haijawashwa, anapiga mluzi kidogo. Ule mluzi ndio ulionimaliza. Nikiwa nimesimama pale pale, nikaingia kwenye mipangilio ya simu, nikawasha hotspot, ile ya kugawia wengine mtandao, nikabadilisha jina lake. Badala ya "Simu ya Zuhura" nikaandika, kwa herufi kubwa: LAZARO MWIZI.

Nilitaka aone yeye tu. Afungue kutafuta mtandao, akutane na lile jina, ajiulize, aumie kidogo, basi. Lakini wala hakutafuta, laptop ilishajiunga na waifai ya gesti yenyewe. Tukaitwa kunywa chai, kulikuwa na sambusa za moto, nikasahau. Nawaapia nilisahau.

Wageni wakakaa. Upande mmoja wakulima, wakiongozwa na Mzee Kibwana wa Mvumi, mwenye tabia ya kusoma kwa sauti kila maandishi anayoyaona, hata kwenye mfuko wa mbolea. Upande wa pili wafugaji na kiongozi wao, mzee mtaratibu mwenye shuka na fimbo yake magotini, ambaye nilimsalimia shikamoo akaniitikia marahaba mwanangu kwa upole sana. Jina lake naye ni Lazaro. Nililijua jina hilo siku nyingi. Nimekula kwake. Na asubuhi ile, naandika, halikunipitia kichwani hata kidogo, kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa Lazaro mmoja tu.

Tena kulikuwa na jambo baina yao. Nyuma kidogo mbuzi wa Mvumi walipotea, maneno yakawaendea wafugaji, na Mzee Lazaro akatajwa waziwazi. Mbuzi walionekana baadaye, walikuwa wamefuata mto wenyewe, lakini hakuna aliyekwenda kumwomba mzee radhi. Kumkubalisha tu kuja Mikumi kulimchukua Mama Mhando safari kadhaa.

Lazaro wetu akaanza, na alikuwa mzuri, nasema huku meno yananiuma. Watu walicheka alipotaka wacheke. Amefika mahali pa kufungua ramani, waifai ya gesti ikakata. Akatabasamu, akasema, "Wazee wangu, nipeni dakika nitafute mtandao mwingine," akabonyeza pale pembeni, na orodha ya mitandao ikafunguka ukutani, kubwa kama kanga iliyoanikwa. Wa juu kabisa, wenye nguvu kuliko yote, ulikuwa wangu.

Mzee Kibwana akarekebisha miwani. "Lazaro mwizi," akasoma.

Vichwa vikamgeukia Mzee Lazaro. Lori likapita.

Mzee Lazaro aliangalia ukuta kwa muda, akausoma mwenyewe taratibu, kisha akasimama. "Nimeitwa hapa nionyeshwe simu," akasema, "au nimeitwa nionyeshwe hili?" Vijana wake wakasimama naye.

"Mzee mwenzangu, sisi hatujaandika," Mzee Kibwana akasema.

"Nani kaandika? Ukuta?"

Mama Mhando akageuka kunitafuta kule nyuma. "Zuhura, hiyo ni nini? Mtu wa mitambo ni wewe, tafuta nani ameandika."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikainamia laptop yangu nikawa namtafuta mhalifu. Nilibonyeza bonyeza, nikakunja uso kitaalamu, nikasema mtandao ule huenda ni wa dereva wa lori aliyepaki nje, mambo hayo hutokea barabara kuu. Mhudumu wa gesti akatoka kuangalia, akarudi akasema nje hakuna lori hata moja, yote yameondoka. Lile jina bado limekaa ukutani, vimstari vyake vya nguvu vimejaa, na wafugaji wameshaanza kukusanya fimbo zao.

Nikaona dawa ni kuizima. Ila simu iko mbele, kwenye soketi, na kati yangu na simu ni ukumbi mzima. Nikanyanyuka, nikasema naenda kuangalia waya. Nikatembea, nikainama, nikagusa waya mmoja wa projekta (hauna tatizo lolote, maskini), nikachukua simu kama mtu anayeisogeza tu, nikazima hotspot kwa kidole gumba.

Ukutani jina likapotea.

"Limefutika," Mzee Kibwana akasema. Na macho yote yakashuka kutoka ukutani mpaka kwenye simu iliyokuwa mkononi mwangu.

Nilitaka kulia. Nikasema, "Shikamoo mzee," nilishamsalimia asubuhi lakini sikuwa na neno lingine. Nikasema, "Ni yangu. Nimeandika mimi. Siyo wewe, mzee wangu, sikukusudia wewe. Nilikusudia huyu," nikamwonyesha kwa kidole Lazaro wetu, ambaye alikuwa amesimama na kipaza sauti mkononi, mdomo wazi.

Mzee Lazaro akamtazama kijana juu mpaka chini. "Amekuibia nini?"

"Dondoo, mzee."

"Dondoo ni mnyama gani?"

Ikabidi nimweleze. Mbele ya watu wa Mvumi, mbele ya wafugaji, mbele ya bosi, nikaeleza kwamba ni maneno ya kuzima kompyuta na kuiwasha tena, mimi nilikuwa nayasema, na yeye akayasema, akapigiwa makofi. Nikiwa naeleza nilikuwa nayasikia yanavyozidi kuwa madogo. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo sasa hivi wanazima na kuwasha?" Nikajibu ndiyo, wanazima na kuwasha. Akatikisa kichwa, hakucheka. "Umenitia aibu kwa jambo la namna hii," akasema, na hilo liliniingia kuliko kama angenigombeza.

Nikamwomba radhi, nimepiga magoti. Ndipo Mzee Kibwana naye akasimama, akiwa amekabwa na lake. "Na sisi, mzee, mbuzi walipatikana," akasema. "Tulijua. Tulinyamaza kwa sababu ilikuwa aibu kuja kwako. Ila hili la ukutani, Mungu ananiona, si letu."

Mzee Lazaro akarudi kwenye kiti chake. Vijana wake wakakaa.

Msidhani yaliishia hapo. Waifai ya gesti ilikuwa bado imekufa, simu za wengine hazishiki mtandao mle ndani, na Mama Mhando akasema kwa sauti ya chini sana, "Zuhura, iwashe hiyo yako. Badilisha jina." Nikafuta neno mwizi, nikawasha. Ukutani ikatokea: LAZARO. Sikufikiria kufuta lote.

Lazaro akaniuliza paswedi, na kipaza sauti bado kiko mdomoni.

Nikamnong'oneza. Hakusikia. Nikamnong'oneza tena, kipaza sauti kikadaka, na ukumbi mzima ukasikia: "Nilisema mimi kwanza. Yote herufi ndogo, imeungana." Hapo wakacheka, wakulima na wafugaji, wakacheka mpaka mhudumu akachungulia.

Ramani ikafunguka. Mfumo ukafanya kazi, mfugaji mmoja akatuma ujumbe, simu ya Mzee Kibwana ikalia palepale, akausoma kwa sauti, watu wakapiga makofi. Waliukubali. Mtoto wangu alikubaliwa, na mimi nimekaa chini pembeni ya soketi nashika simu isichomoke. Wakati wa kufunga, mwakilishi mmoja wa wakulima akasimama kutoa shukrani, akasema wanamshukuru kijana Lazaro kwa mfumo mzuri na kwa mtandao wake wenye kasi, maana jina wameliona. Bando ni langu. Nilipiga makofi kama wengine.

Kurudi Kilosa nilikaa kiti cha nyuma na Lazaro. Tukaiacha Mikumi mbali. Kisha akasema, "Dada Zuhura, mimi nilidhani unafurahi. Jina lako liko kila dondoo."

"Liko wapi?"

Akanipa simu yake. Akabonyeza pale chini palipoandikwa "soma zaidi", ujumbe ukafunguka, na mstari wa mwisho kabisa ukasema: "Haya yote nimefundishwa na dada Zuhura wa mitambo, mkikwama mwulizeni yeye." Nikafungua nyingine. Nyingine. Kila moja. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwaambia watu wasome mpaka mwisho kabla ya kubonyeza, sikuwahi kusoma mpaka mwisho. (Na mhasibu naye hakusoma, hiyo ndiyo faraja pekee niliyopata siku ile.)

Nikamwomba radhi na yeye. Akasema yamekwisha, kwa ile sauti yake ya redio.

Ningependa kuwaambia wivu umeisha. Haujaisha. Wiki iliyopita Mzee Lazaro alipiga simu ofisini kuuliza jambo la mfumo, nikapokea mimi, nikamsalimia, akaitikia vizuri kabisa, kisha akasema, "Mwanangu, nipe huyo wajina wangu anieleweshe." Jambo lenyewe nalijua mimi, nimelitengeneza mimi. Kifua kikachoma kama kawaida yake. Nikamwita Lazaro, nikampa simu, nikarudi kwenye printa. Nimeapa jambo moja tu, nalo nitalishika: nikisikia kifua kinachoma, mikono yangu isiwe karibu na kitu chochote chenye mipangilio.