Mbuzi wa Mgongo

Mimi Amida si mtu wa kuingilia ya watu. Lakini yule mbuzi alikuwa wangu, kwa hiyo nina haki ya kusimulia.

Julienne alikuwa jirani yangu mtaani Kamalondo, lupango moja, yaani ua mmoja, mlango kwa mlango. Alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, akasomeshwa na masista, Kifaransa kikimtoka kama maji. Mama yake, Mama Kapinga, alikuja na treni kutoka Kasai akiwa bibi arusi, mume wake akifanya kazi mgodini Kipushi. Mume akafa, akabaki na mtoto mgongoni, akauza maharagwe sokoni hadi mtoto akawa mtu mzima. Ndipo Julienne akaolewa na Mukuka, fundi wa kushona, Mubemba yatima aliyelelewa na mapadri. Mpole, hata nzi hamfukuzi.

Siku ya arusi, kwa furaha, Mukuka alimshika mama mkwe mikono yote miwili, akamtazama machoni, akakaa ubavuni pake na kumega bukari, ugali wetu, kwenye sahani yake. Mama Kapinga akainuka, akaenda zake. Tangu siku ile hakuingia tena kwa binti yake. Hata mjukuu alipozaliwa alileta sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaiweka penye mlango wa lupango, akageuka. Julienne alilia kwa hasira. "Mama ananikataa," aliniambia, "kwa sababu bwana yangu si Mukasai." Naye akaacha kwenda kwa mama yake. Mama na mtoto, mji mmoja, wakakaa kama wamefiwa.

Ikaja ile Katanga iliyojitenga na Kongo, yenye bendera yake, na Wakasai wakaanza kufukuzwa. Nyumba ya Mama Kapinga ikachomwa, akakimbilia kambini na maelfu ya wenzake, kwenye mahema karibu na askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa. Julienne alifichwa ndani, Mukuka akilala mlangoni. Kisha tukasikia kwamba treni zinawarudisha watu Kasai, na Mama Kapinga yumo katika safari inayokuja. Julienne akaacha kula, akaacha na usingizi. "Akipanda ile treni, sitamuona tena," alisema. Mimi nilimwamini, maana wakati ule mtu aliyeondoka alikuwa ameondoka.

Nikamfunga kitambaa changu kichwani asijulikane njiani, tukaenda kambini wote wawili. Kilikuwa kiangazi, asubuhi ya baridi, moshi wa kuni na ukungu vimelala chini hata watu walionekana wanatembea bila miguu. Mahema yalikuwa yanakuja na kupotea. Kila mwanamke tuliyempita alikuwa na uso ninaoujua, na sikumjua hata mmoja. Wallahi, nilitembea kama mtu aliyeingia katika ndoto ya mwingine.

Tulimkuta ameketi mbele ya kibanda cha makartoni, amekonda.

"Mama, twende nyumbani," Julienne alisema.

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

"Ile ni nyumba ya mukwe wangu. Siwezi kuingia."

"Basi sema tu unanichukia."

Mama Kapinga alimvuta mkono akae chini. "Nani amekuambia chuki? Ni haya, mutoto. Mukwe hanishiki mukono, hakuli na mimi, mupaka alete mbuzi wa mugongo, ule wa kushukuru mugongo uliokubeba. Akileta, njia inafunguka. Hakuleta. Ningepita wapi?"

"Mbona hukusema?"

"Mama haombi mbuzi wake kwa kinywa chake. Nilizani utajua."

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Masista hawakumfundisha yule, mapadri hawakumfundisha mwenzake, na mama wa watu anakaa nje ya mlango miaka yote hiyo kwa heshima. Nilitaka kuwapiga wote watatu.

Sasa mbuzi wakati wa vita atatoka wapi? Alikuwepo mmoja tu, wangu, niliyemnenepesha kwa ajili ya Idi. Bwana yangu Nasoro alinitazama, nami nikamtazama mbuzi. Moyo uliniuma, nasema wazi. Nikafungua kamba.

Julienne alimshika Mukuka shati asiende. Vijana wa Kikasai kule kambini walikuwa na uchungu, na mtu wa Katanga akiingia mle huenda asitoke. Mukuka akasema, "Mbuzi hawezi kujipeleka."

Mimi na Julienne tulimfuata nyuma. Alitembea ameinamisha uso, kamba mkononi. Vijana wenye fimbo wakasimama. Mmoja akasema, "Huyu si wa kwetu," na wengine wakatuzunguka. Hapo bibi mmoja akamwona mbuzi, akaona na yale macho yaliyoangalia chini, akasema kwa sauti ya kila siku, "Mumuache. Anaenda kwa mama mukwe wake."

Fimbo zikashuka. Watu wakafungua njia katikati ya moshi, kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele kidogo, na mwingine mbali akamjibu. Wasio na nyumba wale, kwa dakika chache, walikuwa arusini. Mukuka akapiga magoti mbali kidogo, akageuza uso, akaweka kamba chini. Mama Kapinga alijifunika kitenge, akapiga makofi ya kushukuru, polepole, mara nyingi.

Mbuzi alipikwa pale pale, safu yote ya mahema ikala. Mimi sikupata hata mbavu.

Treni iliondoka bila yeye; usiku tulimleta kwa siri kwa binti yake. Kesho yake nikaenda kwa Julienne kulalamika, nikianzia uani kama kawaida yangu, kwamba Idi imefika na nyumba yangu haina nyama. Mukuka alikuwa nje anashona, ameupa mlango mgongo. Mjukuu alikuwa kizingitini anakula mkate. Ndani, Mama Kapinga ameketi mkekani, miguu ameinyosha, na Julienne, mwanamke mzima, kichwa kwenye mapaja yake, mdomo wazi.

Mama Kapinga akaniinulia kidole.

"Amida, punguza sauti," alisema. "Mutoto amelala."