Kopo la maziwa lililokaribia kumuua mtoto wa dada yangu, Kikwajuni miaka ya hamsini

Wakuu, salaam aleikum. Wewe uliyefungua uzi huu, kaa kidogo unisikilize. Mimi ni bibi mtu mzima, vidole vinauma na naandika kwa kituo, kwa hiyo nguvu za kutunga uongo sina. Haya yalitokea ndani ya nyumba yetu.

Kilichonifanya niandike ni juisi. Juzi wajukuu wameleta boksi lina picha ya embe bivu, linang'aa. Nikaligeuza nikasoma nyuma: maji, sukari, rangi, ladha. Embe lenyewe halimo.

Nikasema. Wakacheka. "Bibi kaanza tena."

Nimechoka, wakuu. Si hasira, ni uchovu tu. Maneno haya nimeanza kuyasema nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Basi nisikilizeni.

Tulikuwa tunakaa Kikwajuni na bibi yetu, Bi Moza, aliyetulea baada ya mama yetu kufariki. Nyumba ilikuwa na mimi, dada yangu Zuwena, na mumewe Seif, ambaye alikuwa fundi seremala. Dada akajifungua mtoto wa kike, Rukia. Mtoto alizaliwa mzima, mnene, sauti yake inafika barabarani.

Arobaini ikapita salama. Bi Moza alimlisha dada uji wa pilipili manga na supu ya pweza mpaka dada akawa anajificha akisikia sufuria.

Haikupita wiki, dada akapata jipu kwenye ziwa la kushoto. Homa kali. Jipu likapasuliwa, likapona, lakini Bi Moza akakataa mtoto kurudishwa kunyonya.

"Maziwa yameshaingia homa hayo," akasema. "Ntampa kitukuu changu maziwa safi."

Maziwa safi, kwa akili za wakati ule, yalikuwa ya kopo. Muuza maziwa wa baiskeli tulikuwa tunamshuku anatia maji ya bomba. Kopo lilikuwa limezibwa, limetoka ng'ambo, na lina picha ya ng'ombe aliyenona kasimama kwenye majani mabichi. Makopo yalikuwa yanapangwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Jina lake silitaji, na kampuni yenyewe sidhani kama bado ipo.

Naomba mnielewe hapa. Bi Moza hakufanya ubahili. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Yeye mwenyewe alikuwa anakunywa chai ya rangi ili kopo la mtoto lisipungue.

Na aliyekuwa anatumwa dukani kulileta ni mimi. Kwa zaidi ya miezi miwili nimelibeba kopo lile mkononi. Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza.

Rukia akaanza kupungua.

Mwanzo mashavu. Kisha mapaja, ngozi ikalegea kama nguo ya kuazima. Halafu akaacha kulia. Wakuu, mtoto mchanga akilia sana watu hulalamika, lakini asiyelia kabisa ndiye wa kuogopwa. Alikuwa anatazama tu.

Hapa ndipo tulipofanya kosa letu, na ni kosa la kwetu hasa.

Kwa wasiojua, huku iliaminiwa kwamba mume na mke wakikutana kabla mtoto hajapata nguvu, mtoto hudhoofika. Huitwa kubemenda. Ni fedheha kubwa, kwa sababu mtoto akikonda tu mtaa mzima unajiona umeshajua mambo ya chumbani kwenu.

Jirani yetu mmoja alipita barazani, akamfunua Rukia kanga, akamtazama.

"Bi Moza, kitukuu kawa kijiti! Hao vijana wako hata kusubiri hawakuweza?"

Bi Moza aliingia ndani akamkabili Seif.

"Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia ulale ukumbini!"

"Bibi, wallahi nnalala ukumbini. Mgongo wote unaniuma kwa mkeka wako."

"Usimtaje Mungu kwa jambo hilo."

"Sasa nimtaje nani, na hamniamini?"

Dada alikuwa kitandani, kajifunika uso. Yeye aliapa pia. Hakuna aliyemsadiki, na mimi nakiri kwamba sikumsadiki.

Seif alitaka mtoto apelekwe hospitali. Bi Moza akakataa katakata. Hospitali wataulizwa, watu watasikia, jina la dada litatembea mji mzima. Akatafuta dawa za kuogesha, kimyakimya. Na kwa kuwa mtoto kadhoofu, akazidisha maziwa ya kopo.

Siku moja mwalimu wetu wa Kiingereza alituambia kila mmoja alete kitu cha nyumbani chenye maandishi ya Kiingereza, tujifunze kusoma vitu vya kweli. Wenzangu walileta karatasi za sabuni, chupa za dawa ya kikohozi, boksi la kiberiti. Mimi nikaosha kopo tupu la Rukia, nikaenda nalo najidai.

Nilisimama mbele nikasoma kwa sauti. Jina. Nchi lilikotoka. Namna ya kulitoboa. Nikafika chini, kwenye maandishi madogo, nikayasoma kwa mbio vilevile nipate kusifiwa.

Mwalimu akanyanyua mkono.

"Rudia hapo. Taratibu. Kwa Kiswahili."

Nikarudia. Maziwa yaliyotolewa mafuta. Yametiwa sukari. Hayafai kwa watoto wachanga.

Darasa zima lilikuwa linacheka jambo jingine huko nyuma. Mwalimu hakucheka.

"Kwenu anakunywa nani haya?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Ana umri gani?"

"Miezi minne."

"Chukua kopo lako. Nenda nyumbani sasa hivi."

Nilikimbia mpaka mbavu zikanichoma. Nikamkuta Bi Moza na kikombe mkononi, kijiko kimeshafika mdomoni mwa mtoto. Nikakishika kile kijiko pamoja na mkono wake. Kumshika mkono mtu mzima! Alitaka kunizaba kofi.

"Umeingiwa na nini, we mtoto?"

"Bibi, kopo lenyewe linasema lisipewe mtoto!"

"Kopo linasema? Na ng'ombe je, hakukwambia neno?"

Seif alikuwa uani anapiga randa. Aliingia, akaniambia nimsomee. Nikamsomea, neno kwa neno, kidole juu ya herufi. Akaniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikasema nina hakika.

Akamchukua Rukia kutoka mapajani kwa bibi.

Bi Moza akasimama mlangoni. "Hutoki na mtoto huyo mchana huu, watu wote wanatazama."

"Na watazame, bibi. Wakitaka waje na viti."

Akapita. Dada nyuma yake, mimi na kopo nyuma ya dada. Tulipofika njia panda niligeuka, nikamwona Bi Moza anakuja, buibui kalivaa upande.

Nesi aliyetupokea hospitali alikuwa mama wa makamo. Alimgeuza mtoto, akambonyeza tumbo, kisha akalisoma kopo.

"Nani anayemtengenezea?"

"Mimi," Bi Moza akasema. Alikuwa hata pumzi hajaipata.

"Unatia kiasi gani?"

"Kijiko kwa kikombe cha maji. Nataka yamtoshe."

Nesi hakumgombeza, na mimi nimejaribu kumuiga maisha yangu yote. "Bi mkubwa, hukukusudia ubaya. Lakini mafuta yametolewa humu. Kilichobaki ni sukari na weupe. Tumbo linajaa, mwili una njaa."

"Kwa hiyo hakubemendwa?"

"Ana njaa, bi mkubwa."

Bi Moza akakaa chini, sakafuni. "Nimemuua njaa kwa mkono wangu," akasema. Dada, aliyetukanwa wiki zote zile, ndiye aliyemnyanyua.

Rukia alilazwa. Ziwa la kulia la dada lilikuwa zima siku zote, hakuna aliyeuliza. Akawekwa hapo kila saa, mchana na usiku, na maziwa yakarudi kidogokidogo. Kwa siku kadhaa hatukujua atabaki au ataondoka. Kisha asubuhi moja akalia, kwa ile sauti yake, na dada akalia naye.

Alichelewa kutembea, lakini alitembea. Mtaa haukuwahi kuomba radhi. Yule jirani alikufa akimwita Rukia "yule aliyebemendwa". Na mimi sijajisamehe vizuri. Macho nilikuwa nayo, Kiingereza nilikuwa nacho, lakini nilidhani kusoma ni kwa vitabu. Kopo nililitazama picha.

Somo langu ni dogo. Upande wa mbele wa kopo umeandikwa na anayetaka ununue. Upande wa nyuma ndio wenye habari. Siku hizi viambato hupangwa kwa wingi, kinachotangulia ndicho kilichojaa. Ukiona sukari ya kwanza au ya pili, umenunua sukari, hata ikichorwa embe au ng'ombe. Sukari pia hujificha kwa majina mengine: sirapu, glukosi, na kadhalika. Lebo ikiwa ndefu, isome taratibu, muulize mtu, hakuna aibu.

Na muhogo, ndizi, samaki changu wa sokoni, choroko, hivyo havina lebo kwa sababu havina cha kueleza. Sisemi msinunue kopo kabisa, hata mimi ninayo. Nasema mjue mnachokula. Mnaweza, si jambo gumu, mtoto wa miaka kumi na mitatu aliweza, ila alichelewa.

Sasa inuka uende jikoni. Kama kuna mtoto mchanga nyumbani, anza na kopo lake. Ligeuze, soma vitu vitatu vya mwanzo, kisha rudi uviandike hapa chini tuvisome pamoja.